Mistari Ishirini na Miwili

Kidole gumba cha mkono wa kulia ndicho kilichomchelewesha Sada. Wenzake walikuwa wameshamaliza miguu ya marehemu, na maji ya kafuri yalikuwa tayari kwenye ndoo, lakini yeye alikuwa bado amekishika kidole cha mama yake, anakisugua kwa kitambaa, anakigeuza, anakisugua tena. Hakikuwa na uchafu wowote. Kilikuwa kidole cha bibi wa miaka themanini na moja, kimekauka, kina kovu la jembe karibu na ukucha.

"Sada, kimetakata hicho," alisema Bi Zuleha, jirani aliyekuwa akiongoza uoshaji. "Mwachie mama mkono wake."

Akamwachia. Hakuwa amelia tangu alfajiri, na wanawake wa Visiga walikuwa wameanza kumtupia jicho la pembeni, maana msibani binti asiyelia husemwa. Yeye mwenyewe alijiona kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi: unauona, unajua ni wako, lakini ukiufinya ni kama wa mtu mwingine.

Usia wa Bi Zubeda ulikuwa mfupi na mtaa mzima uliujua. Miaka saba aliyokaa kwa bintiye hakuyazoea malori ya barabara ya Morogoro. "Nikifa msinizike hapa barabarani," alisema kila alipopata wa kumsikiliza. "Nipelekeni Mzenga, nilale na baba yenu. Huku hata maiti hapati usingizi." Sada alikuwa akiitikia ndiyo, mama. Alianza kuitikia hivyo kabla shamba la Mzenga halijauzwa, na shamba lilipouzwa hakujua aache vipi.

* * *

Saa tatu kasoro gari la Mheshimiwa likaingia uani, na watu waliokuwa wamekaa mkekani wakasimama bila kuambiwa. Faraji Jumbe alishuka amevaa kanzu, akapeana mikono na mstari mzima wa wanaume, akauliza hali ya mgonjwa wa huyu na mtihani wa mtoto wa yule. Hakumsahau mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake, kama kweli alikuwa na siri.

Kabla ya kuwa Mheshimiwa alikuwa Wakili, na kabla ya kuwa Wakili alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Jumbe, aliyekwenda shule na viatu vilivyompwaya vya kaka yake Omary. Ofisi aliifungua Maili Moja, Kibaha, chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la vifaa vya umeme. Sada alikuwa ameachika mwaka uleule, hana mbele wala nyuma, na Faraji, kaka yake, akampa kiti, kompyuta na cheo cha karani. Hakuwahi kumwambia kuwa anamsaidia. Alimwambia, "Nahitaji mtu ninayemwamini," na Sada akaaminika kwa miaka kumi na minane.

Kazi yao ilikuwa na utaratibu wake, ambao chuo cha sheria hawaufundishi. Kila Ijumaa jioni Faraji alisaini karatasi tupu hamsini na Sada akazigonga muhuri wa Kamishna wa Viapo. Wiki iliyofuata, wakili akiwa mahakamani Kisarawe au Dar, mtu aliyepoteza kitambulisho au asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa alikuta kiapo chake kinamngoja, maneno tu ndiyo yanakosekana. "Mtu ametumia nauli kutoka Mbwawa, umwambie arudi kesho kwa sababu mimi sipo?" Faraji alikuwa akisema. "Huo ni uonevu." Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kumkosoa.

Sahihi ilikaa mahali palepale siku zote, theluthi ya chini ya karatasi, na juu yake pakabaki nafasi ya mistari ishirini na miwili. Sada aliijua nafasi ile kama mpishi anavyoijua sufuria yake. Kiapo cha kawaida kilikaa humo kikabakiza. Mikataba ya mashamba haikuguswa na karatasi zile. Hiyo ilimsubiri Wakili mwenyewe, aisome na kuuliza maswali.

Watu wakampenda. Mbwawa ulipozuka mgogoro wa viwanja, alizitetea kaya arobaini bila kuzitoza hata senti, akashinda, na uchaguzi uliofuata kaya zile zikambeba begani hadi Dodoma. Ofisi haikufungwa. Ilihamia tu kwenye mkoba wa Sada, yeye na faili lake la karatasi zilizosainiwa, maana siku hizi wateja walimkamata popote, hata dukani Sofu akinunua chumvi.

* * *

Swala ya jeneza ilisaliwa msikitini Visiga, kisha msafara ukashika njia ya Mlandizi kwenda Mzenga. Jeneza lilikuwa kwenye basi la Kosta pamoja na wanaume, wanawake wakafuata kwa gari lao, na Omary, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuwa amekaa kichwani pake. Sada alipanda gari la Mheshimiwa, kiti cha nyuma, mkoba mapajani. Simu ya kaka yake haikunyamaza.

"Ahsante sana Mheshimiwa... Kazi ya Mungu... Leo hii hii, ndiyo, kwa baba," alikuwa akimwambia mbunge mwenzake.

Baada ya Ruvu mtandao ukakatika. Sada akaona nafasi yake ndiyo hiyo.

"Kaka."

"Naam."

"Lile shamba. Kaka Omary alikwambia ameliuza vipi?"

"Aliuza kipande cha bondeni, si ndiyo? Akamalizia yale madeni." Faraji alikuwa anatazama nje, mashamba ya mihogo yakipita. "Kwani vipi?"

"Wameweka fensi."

"Si bondeni?"

"Sijaiona. Nimesikia tu." Hakuwa anasema uongo, lakini ukweli pia alikuwa anaupunja. "Kaka Omary anasema ameshaongea nao."

"Basi kama ameongea nao." Mtandao ukarudi, simu ikalia tena. Akaitazama kabla ya kuipokea. "Tutaongea, Sada. Leo si siku ya mashamba."

Siku ya mashamba ilikuwa imeshapita, tena aliikosa yeye kwa kuwa alikuwa Dodoma anaapishwa. Asubuhi ile Omary aliingia ofisini Maili Moja na mtu wa mnunuzi, jasho linamtoka. Yeye ndiye aliyekuwa amekopa kwa ajili ya kampeni: fulana, spika, pilau la kila kijiji. Mdogo wake alishinda na wadai wakaanza kubisha mlangoni kwa kaka mtu. Faraji hakuuliza madeni yale yataisha vipi. Wala baadaye hakuuliza yaliishaje.

"Mnunuzi ana fedha taslimu na kesho anasafiri," Omary alimwambia Sada. "Chapa mkataba."

"Mkataba unamngoja Wakili."

"Wakili kaniambia nimalize. Hizo karatasi zenye sahihi si unazo? Chapa humo. Shamba lote, ekari kumi na mbili."

"Lote?"

"Andika lote, ndivyo lilivyopimwa. Makaburi yanajulikana. Nani ananunua makaburi?"

Sada alichapa. Vidole vyake viliijua sentensi ya mwisho kwa mazoea, maana hakuna shamba la Kisarawe linalouzwa bila hiyo: isipokuwa eneo la makaburi ya familia, ambalo litabaki kuwa mali ya wauzaji, pamoja na njia ya kuliendea. Alipochapisha kwa majaribio, sentensi ile ikaangukia juu ya sahihi na muhuri. Mistari ishirini na minne. Akapunguza ukubwa wa herufi, mtu wa mnunuzi akasema hazisomeki. Omary akatazama saa. Sada akaifuta sentensi, na mkataba ukaenea, mistari ishirini na miwili kamili.

Mama yao alikuwa palepale ofisini, kwenye benchi la wateja mbele ya televisheni, kwa kuwa Visiga umeme ulikuwa umekatika. Sada alimpelekea kidau cha wino.

"Mama, weka kidole hapa."

"Cha nini?"

"Karatasi ya Faraji."

"Haya," alisema mama, akaweka.

* * *

Walifika saa saba na nusu. Mahali palipokuwa na njia ya kuingilia shambani palikuwa na geti la bati la buluu, na fensi ya waya ilikwenda kulia na kushoto hadi macho yakachoka. Nyumba ya Mzee Jumbe haikuwepo. Kwa mbali, ng'ambo ya fensi, ile mikorosho mitatu iliyoyafunika makaburi ilikuwa bado imesimama.

Mlinzi alitoka kwenye kibanda chake, mtu wa makamo aliyevaa sweta juani. Imamu Hussen, aliyeongoza msafara, akamsalimu na kumweleza shida.

"Poleni sana," alisema mlinzi. "Lakini hampiti."

"Hatupiti?"

"Humu hazikwi maiti, shekhe."

Lafudhi yake ilimfanya mzee mmoja anyanyue kichwa. "Bwana, kwenu wapi?"

"Mimi Maulidi, kwetu Urambo. Tabora huko."

"Mnyamwezi!"

Kicheko kikapita Kosta nzima. Mnyamwezi ni mtani wa Mzaramo tangu enzi za misafara, na msibani mtani ana ruhusa ambayo hata serikali haina: atazuia jeneza njiani, atamkejeli maiti, atadai chake, na wafiwa hawaruhusiwi kununa. Wazee wakashuka kwenye gari wamechangamka, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kumbe tumepata mtani! Sema unataka nini, jogoo au kanga ya marehemu?"

"Wazee wangu, mimi sitanii."

Wakacheka zaidi, maana mtani gani amewahi kusema anatania? Mmoja akamtia noti ya elfu tano kwenye mfuko wa sweta. Bi Zuleha akapaza sauti kutoka nyuma kuwa Wanyamwezi wanajulikana, wanakula hadi sanda. Hata Mheshimiwa alitabasamu. Sada peke yake ndiye aliyekuwa akimtazama mlinzi usoni, na aliona midomo ya mtu yule inatetemeka.

Maulidi aliitoa noti mfukoni akairudisha kwa mikono miwili. "Wallahi sitanii," alisema. "Nikifungua geti hili nafukuzwa kazi. Nina watoto wanne."

Kicheko kikaisha, kuanzia kwa waliokuwa mbele hadi kwa waliokuwa nyuma, kadiri kila mmoja alivyomwona. Mtu mmoja nyuma kabisa aliendelea kucheka peke yake, akanyamazishwa.

Faraji akasogea. "Bwana Maulidi, mimi ni mbunge. Na hapa ni kwetu."

"Nakufahamu, Mheshimiwa. Karatasi yako ninayo." Mlinzi aliingia kibandani akatoka na nakala ya mkataba iliyofungwa kwenye nailoni. "Bosi aliniachia, kwamba wakija watu wanadai, niwaonyeshe hii."

Faraji alisoma kama alivyosoma karatasi maisha yake yote, kwa kidole, mstari kwa mstari. Shamba lote. Ekari kumi na mbili. Muuzaji, Omary Jumbe. Alama ya kidole ya mjane. Chini, mstari wa mwisho ukigusana na sahihi yake na muhuri wake. Kidole kikapanda tena hadi kwenye tarehe, kikasimama hapo.

Sada aliona kilivyosimama. Siku ile Tanzania nzima ilimwona kaka yake kwenye televisheni, amenyoosha mkono, umbali wa kilomita mia nne na zaidi kutoka Maili Moja. Mtoto wa darasa la nne angeweza kuthibitisha kwamba mkataba ule haukushuhudiwa na mtu.

Faraji alipiga simu ya mwenye shamba, akaiweka kwenye spika ili wazee wasikie. Bwana Evodius alikuwa na sauti ya upole.

"Pole sana Mheshimiwa, pole mno. Ila mimi nimenunua eneo lote, mwezi ujao naanza kujenga mabanda ya kuku. Ningeambiwa kuna makaburi, nisingekataa kuyaacha. Mkataba haukusema."

"Makaburi yanaonekana kwa macho, Bwana Evodius."

"Na sahihi yako nayo inaonekana kwa macho. Au unasema si yako?"

Watu walisubiri. Omary alikuwa amesimama nyuma ya jeneza, lililokuwa limeshashushwa, anatazama viatu vyake. Mzee Deogratias wa Mbwawa, mmoja wa zile kaya arobaini, Mkatoliki aliyekuja kumzika mama wa mtu aliyemwokolea kiwanja chake, akamsogelea Faraji akanong'ona, lakini kwa sauti ya mtu mwenye usikivu hafifu, kwa hiyo wote walimsikia.

"Mheshimiwa, ukisema huo muhuri haufai, si na ile karatasi yangu haifai? Yangu nayo ina huo huo."

Faraji alimtazama mzee, kisha akamtazama dada yake. Hakuwa na hasira, na Sada angeipokea hasira kwa mikono miwili. Akisema sahihi si yake, Sada ameghushi na njia yake ni ya polisi. Akisema ni yake na karatasi ilikuwa tupu, basi kila hati iliyotoka chumba kile kwa miaka kumi na minane imo mashakani, na yeye mwenyewe hana uwakili wala ubunge. Sada aliyaona mawazo hayo yakipita usoni pa kaka yake moja moja. Alitaka kusema ni mimi, kaka, sentensi niliifuta mimi, haikuenea.

"Ni sahihi yangu," alisema Faraji.

"Basi yameisha," alisema Bwana Evodius. "Mimi si mnyama. Mzikeni mama. Ila mwanafamilia mmoja aniandikie kiapo kwamba hamna dai lolote humu ndani, na kwamba kaburi hili ni la mwisho. Maulidi atanitumia picha, nikiiona atafungua. Wakili si upo hapo hapo?"

* * *

Kwa sheria Faraji hakupaswa kuapisha ndugu yake kwenye jambo la ukoo wao. Lakini saa nane ilikuwa inagonga, jeneza lilikuwa juani, na wakili mwingine wa karibu alikuwa Mlandizi, kama yupo.

"Nani anaapa?" aliuliza, bila kumtazama yeyote. Omary akakohoa, akasema macho yake yana ukungu siku hizi, hasomi vizuri.

"Mimi," alisema Sada.

Alifungua mkoba, akatoa faili, akachomoa karatasi moja na kuiweka kwenye boneti la gari. Faraji aliitazama. Kwa miaka alizoea kuzisaini hamsini kwa mkupuo, moja ikifunika nyingine. Hakuwahi kuiona moja peke yake, mchana kweupe, mbele za watu: nyeupe yote, na chini jina lake linashuhudia kitu ambacho bado hakijasemwa. Mzee Deogratias naye aliitazama. Akavua kofia, akaivaa tena, akarudi kivulini.

Boneti lilikuwa linachoma, Sada akaweka kanga chini ya mkono. Akaandika: Mimi, Sada Jumbe, mtu mzima, Muislamu, mkazi wa Visiga, naapa na kusema kama ifuatavyo. Maneno yalitoka yenyewe, kama yalivyotoka kwa watu wengine elfu. Kwamba familia haina dai. Kwamba ruhusa ni ya mara moja. Kwamba marehemu Zubeda ndiye wa mwisho. Akaweka sahihi yake.

Ikaisha kwa mistari tisa. Kati ya neno la mwisho na muhuri ilibaki nafasi ya mistari kumi na mitatu, na Sada alisimama anaitazama, kalamu mkononi. Sentensi ile ya makaburi ingekaa humo mara sita.

"Hapo palipobaki wazi," alisema Faraji kwa sauti ya chini, sauti yake ya ofisini, "pachore mstari. Mtu asije akaongeza neno."

Ndiyo kanuni. Alimfundisha mwenyewe wiki ya kwanza. Sada akachora mstari wa mshazari kutoka kona hadi kona, Maulidi akapiga picha, akaituma, wakangoja. Simu ikatoa mlio. Geti likafunguliwa.

* * *

Wanaume waliingia na jeneza wakiimba shahada, na wanawake wakabaki barabarani, kama desturi ilivyo. Ila desturi ilikuwa na nyumba ya kusubiria, yenye jiko na wa kuchota maji. Hawa walisimama ukingoni mwa barabara, wamejifunika kanga vichwani, pikipiki zinapita zinawarushia vumbi. Sada aliona migongo ya wanaume ikipungua hadi chini ya mikorosho. Kaburi hakuliona.

Maulidi alimletea kigoda chake. "Kaa, dada yangu. Nisamehe."

"Umefanya kazi yako."

"Kwetu mtani akizuia jeneza anapewa kitu, anaachia, watu wanacheka. Leo nimezuia kwelikweli." Alitazama mikono yake. "Sasa sijui nichukue nini."

Sada aliichukua ile kanga aliyoiweka chini ya mkono, mojawapo ya kanga za marehemu, akamkunjia. "Chukua. Ni haki yako." Alingoja kilio kije, maana mahali penyewe palikuwa ni hapo. Hakikuja. Mlinzi ndiye aliyejipangusa macho kwa sweta.

Wanaume walirudi mikono ina udongo. Faraji alikuja akasimama kando ya dada yake, wote wawili wakitazama geti likifungwa.

"Tarehe ile nilikuwa Dodoma," alisema.

"Najua. Tulikuwa tunakuangalia."

"Wewe na nani?"

"Na mama. Alikuja ofisini kukuangalia." Sada alisema kama anayesoma kiapo cha mtu mwingine. "Alikuwa ndiyo kwanza ameweka kidole. Jina lako likaitwa, akainuka, akapiga vigelegele mpaka kinyozi akaja kuuliza kuna nini. Kidole kilikuwa bado kina wino. Akapaka gauni lote."

Faraji alijipangusa udongo mikononi. "Alijua ni karatasi ya nini?"

"Alijua ni yako."

Omary alikuwa anapanda Kosta. "Jamani, funika kombe mwanaharamu apite," alisema akipita karibu nao. "Mama kalala kwa mumewe. Si ndilo alilotaka?" Na ukweli ni kwamba hakuwa amekosea.

* * *

Hitma ilisomwa siku ya tatu. Alasiri, vyombo vya pilau vilipokuwa vinaoshwa, mama mmoja kutoka Sofu alikuja na bahasha, akatoa pole, akakaa, kisha akauliza kama anaweza kupata kiapo cha kitambulisho kilichopotea. Sada alimwambia asubiri kidogo.

Faraji alikuwa sebuleni, amevaa suti tayari, dereva amewasha gari. Kikao kilikuwa kinaanza Dodoma kesho yake. Sada aliweka faili mezani mbele yake, akalifungua.

"Zimebaki sita," alisema.

Kwa siku tatu alikuwa amejiandaa kwa maneno atakayoambiwa. Kwamba choma hizo. Kwamba tufunge ofisi. Kwamba Sada, ulifanya nini. Alikuwa tayari hata kutukanwa, na alijua akitukanwa angelia, na akilia pengine mguu ule uliokufa ganzi ungeanza kuchoma na kurudi kuwa wake.

Faraji alizitazama karatasi sita. Nje yule mama wa Sofu alikuwa anaeleza wenzake alivyopanda magari mawili kufika.

"Nipe tupu, zisizo na sahihi," alisema Mheshimiwa. "Na kalamu."

Sada akampa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasaini ya kwanza, akaisogeza, ya pili, akaisogeza, mkono unakwenda wenyewe kama siku zote za Ijumaa. Lakini sahihi haikukaa mahali pake pa siku zote. Alikuwa anaisogeza chini, chini kabisa, karibu na ukingo wa karatasi, na juu yake pakabaki peupe. Sada akahesabu kwa macho. Mistari thelathini na mitatu.

"Hapo itatosha?" aliuliza Faraji bila kuinua kichwa.

"Itatosha," alisema Sada, akafungua kidau cha wino na kuanza kugonga muhuri.